Mtihani wa Macho Makavu

Nchi yenyewe haiko mbali na hapa, ila wenyeji wake ni watu wa haya, na mimi sipendi kumtoa mtu kijasho, kwa hiyo jina lake tuliache lilale. Itoshe kusema kwamba ilikuwa na serikali sikivu, milingoti mirefu, na Wizara ya Malezi na Umbali.

Wizara hiyo iliundwa na wakubwa waliopenda methali. Siku moja walikaa wakaitafakari ile isemayo mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Waliitafakari kutwa nzima, chai ikiletwa, vitumbua vikiletwa, na kufikia alasiri wakang'amua jambo ambalo wahenga kwa haraka zao walilipita juu juu. Kama watoto wanaharibika kwa kulelewa na wazazi, basi dawa ni wazazi wasiwalee. Sheria ikapita kwa makofi. Kila mtoto akitimiza miaka saba ataingia shule ya bweni, na hatarudi nyumbani mpaka aive.

Msije mkadhani ilikuwa nchi ya mabavu. La hasha! Mzazi alikuwa na uhuru kamili wa kumchagulia mwanawe shule aitakayo. Uhuru huo uliandikwa kwenye katiba, ukachorwa kwenye stempu, ukatungiwa na wimbo. Shule nazo zilipangwa kwa ubora, na ubora ulipimwa kwa kigezo kimoja kisichopendelea mtu, yaani umbali kutoka kwa mama. Iliyo mbali ilikuwa bora, na iliyo mbali zaidi ilikuwa bora zaidi. Iliyozishinda zote iliitwa Mwisho wa Njia, na ilikuwa mbali kiasi kwamba mwalimu mkuu aliyeteuliwa mwaka juzi alikuwa bado yuko safarini, na mshahara wake ukimfuata kwa punda.

Ya mkiani kabisa iliitwa Pale Pale. Ilikuwa katikati ya mji mkuu, nyuma ya soko la mitumba. Mtoto wa Pale Pale akichungulia dirishani aliweza kuliona bati la kwao, na jioni upepo ukigeuka aliweza hata kunusa mama yake anakaanga nini. Watu waliitaja shule hiyo kwa sauti ya chini, kama wanavyotaja ugonjwa.

Bwana Shembilu aliishi ng'ambo ya barabara, mkabala na Pale Pale. Alikuwa mgane, karani katika Idara ya Milingoti, mwenye nyumba ndogo ya bati jekundu na binti mmoja, Chausiku, aliyekuwa akiikimbilia miaka saba kwa kasi ambayo baba yake hakuiafiki hata kidogo.

* * *

Lazima niwaeleze habari ya saluti, maana bila hiyo hamtamwelewa huyu bwana.

Shembilu alisoma Mwisho wa Njia, tena katika kundi la kwanza kabisa. Alipelekwa akiwa na meno ya utoto. Watoto walipofika walilia, kama watoto wanavyolia. Walezi walikuwa wapole, hawakumchapa mtu. Waliwaeleza tu kwamba machozi yanaozesha magodoro, kwamba magodoro ni mali ya umma, na kwamba mzalendo akiumia husimama wima akapiga saluti. Wakaanza mazoezi asubuhi na jioni. Aliyejikwaa, saluti. Aliyeumwa na siafu, saluti. Aliyemkumbuka mama yake, saluti, na huyo alitakiwa aishushe polepole. Mwaka wa pili Shembilu akawa kiranja wa saluti, na macho yake yakakauka kama kisima kilichochimbwa wakati wa kampeni.

Ukubwani hakuweza kuiacha. Alipojipiga nyundo kwenye kidole gumba aliiangusha nyundo, akasimama wima, mkono wa kulia ukapanda kwenye paji la uso. Majirani wakamsifu kwa uzalendo. Siku Waziri alipotembelea Idara ya Milingoti, droo ya meza ilimbana Shembilu vidole vinne, akaruka juu kwa saluti ambayo Waziri alisema hajapata kuiona hata jeshini. Alipandishwa cheo papo hapo, vidole vikiwa bado vinavimba.

Aliyeujua ukweli alikuwa mtu mmoja tu. Chausiku tangu anatambaa alikuwa ameng'amua kwamba baba akiinua mkono kuna mahali panamuuma. Basi humwendea, hushika pindo la suruali yake, humwuliza, "Umeumia wapi, baba?" Naye, mkono wa kulia ukiwa umegoma kushuka, huonyesha kwa mkono wa kushoto: goti, kidole, jino. Mtoto hupapuliza pale, fuu, fuu, mpaka saluti inashuka yenyewe.

Siku walipomzika mama yake Chausiku, Shembilu alisimama kaburini na saluti yake toka mwanzo wa dua hadi watu walipotawanyika. Mji mzima ukasema, mwanamume huyo! Nyumbani, mtoto akamshika suruali akauliza, "Umeumia wapi, baba?" Mkono wa kushoto ukatangatanga hewani, ukashindwa kupata pa kuonyesha, mwisho ukaelekea mlango wa jikoni. Chausiku akaenda akaupuliza mlango wa jikoni.

Kwa hiyo Shembilu hakuwa na maswali mengi kuhusu elimu. Alijua jambo moja tu. Chausiku akienda Mwisho wa Njia atarudi akiwa kama yeye, na yeye asingemtakia hilo hata adui. Alitaka Pale Pale.

* * *

Maonyesho ya Shule yalifanyika uwanja wa mpira. Kila shule ilikuwa na banda lake na tarumbeta lake. Ukuta wa Hekima walijisifu kwamba ukuta wao ni mrefu hata jua linaingia saa sita mchana tu, likitoka hapo haliwachoshi watoto. Shule ya Kimya Kikuu walimwahidi mzazi kwamba hatasumbuliwa na barua wala salamu. Banda la Mwisho wa Njia lilikuwa tupu, kwa kuwa wahusika walikuwa hawajafika, na foleni yake ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote.

Waziri akapanda jukwaani, miwani miwili, mmoja usoni na mwingine mfukoni kwa ajili ya heshima.

"Ndugu wazazi!" alinguruma. "Mapenzi ni mbolea! Na mbolea, mkulima yeyote atawaambia, ikikaa karibu mno na mche inauunguza! Mpendeni mtoto kutoka mbali, kama nchi hii inavyolipenda jua! Je, kuna aliyewahi kulikumbatia jua?"

"Hakunaaa!" wakaitikia wazazi, wengine wakipangusa pua.

Shembilu akasogelea meza ya karani. "Samahani, ndugu. Nataka kumchagulia binti yangu Pale Pale."

Karani alitazama huku na huku, akainama. "Mzee wangu, ongea taratibu. Pale Pale haichaguliwi. Pale Pale hupewa."

"Hupewa nani?"

"Aliyefeli. Kuna Mtihani wa Macho Makavu. Mzazi asiyelia ana uhuru wa kuchagua shule yoyote, mradi iwe mbali. Anayelia, huyo akili yake imeingia maji, mtoto wake anatupwa Pale Pale."

"Na mimi nikitaka kulia?"

Karani alimtazama kwa huruma. "Wewe si ndiye Shembilu wa saluti? Mzee, wewe utaongoza."

* * *

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Mashavu, mama aliyefeli mtihani kwa namna ambayo bado ilisimuliwa maofisini. Inasemekana alianza kulia getini, akailoanisha pamba yao yote ya kupimia machozi, ikabidi watumie mapazia. Mwanawe Machano alikuwa Pale Pale. Watu hawakumwalika Bi Mashavu harusini, na sokoni walimwita Mama Karibu. Lakini kila jioni alipanda darini kuanika nguo, hata siku za mvua, na ng'ambo ya pili dirisha moja lilifunguka na mkono mdogo ukapunga.

Shembilu alimfuata kwa unyonge. "Jirani, nifundishe kulia."

"Makubwa haya!" Bi Mashavu aliweka beseni chini. "Mwanamume mzima, miaka yako yote hujui kulia?"

"Nilijua. Nilisahaulishwa."

Bi Mashavu hakucheka. Alivuta kigoda, akamkalisha. "Kitunguu usithubutu, wana mtu wao kazi yake kunusa. Pilipili ndiyo kabisa, watakuweka ndani. Machozi yatoke yenyewe. Nawe usijikaze. Hebu fikiria unarudi kutoka kazini, unasema hodi kwa mazoea, hakuna wa kukuitikia."

Shembilu alifikiria. Pua ikaanza kuwasha. Kisha akajikuta amesimama wima na mkono upo pajini.

"Shusha huo mkono!" Bi Mashavu alifoka. "Kaa! Anza tena. Fikiria sahani moja mezani."

Saluti. Walijaribu jioni nyingine, na nyingine. Bi Mashavu alimfunga mkono wa kulia kwa khanga kwenye kiti, Shembilu akainuka na kiti. Mwisho Bi Mashavu ndiye aliyekuwa akilia, kwa urahisi, huku akipepeta mchele, na Shembilu akimtazama kama mwenye njaa anavyomtazama anayekula.

"Mola atajalia, jirani," alisema Bi Mashavu. "Siku ya siku yatakuja."

Shembilu aliamini hivyo. Alikuwa na mtoto mmoja tu, asingeweza kuamini vinginevyo.

* * *

Mpima Machozi Mkuu, Bwana Mdoe, alikuwa mtu nadhifu mwenye mizani ya sonara na bunda la pamba nyeupe. Kazi ilikuwa rahisi. Pamba hupimwa, mzazi huguswa roho, pamba hupitishwa machoni, hupimwa tena. Uzito ukizidi, umefeli.

"Karibu, mheshimiwa mzazi. Jisikie huru," alisema Bwana Mdoe, akaweka mezani kandambili ya Chausiku, ya kushoto, yenye alama ya vidole vitano vidogo.

Shembilu aliitazama. Kidole cha mwisho kilikuwa kimekanyaga pembeni, maana Chausiku alikuwa na mwendo wake. Macho yakaanza kuuma. Vizuri, akajiambia, njooni, njooni.

Bwana Mdoe akabonyeza kinasa sauti. "Baba! Baba, nimerudi! Baba, kuna nini cha kula?" Ilikuwa sauti yake kabisa, Wizara iliinasa dirishani. Kope za Shembilu zikapata joto. Akashika kingo za kiti kwa mikono yote miwili.

"Na sasa," alisema Bwana Mdoe kwa upole, "ukimya wa nyumba yako bila mtoto. Ni ukimya halisi, uliorekodiwa siku binti alipokuwa kwa jirani."

Kinasa kikazunguka. Ikasikika saa ya ukutani. Ikasikika bomba likidondosha tone kwenye ndoo. Mlango wa jikoni ukalia kidogo kwa upepo, na hakuna mtu aliyeupuliza. Shembilu alihisi machozi, wallahi aliyahisi, yalifika ukingoni kabisa. Ilibaki kupepesa tu.

Kiti kikaanguka nyuma yake. Alikuwa amesimama wima, kidevu juu, na saluti yake ilikuwa ya ajabu, haijapata kuonekana.

Bwana Mdoe alipitisha pamba, akapima. Hata vumbi. Akasimama naye, akapiga saluti, na nasema nilivyoambiwa, alikawia sana kuishusha. "Mwisho wa Njia," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi nilikuwa kundi la tatu."

"Bwana Mdoe," Shembilu alisema mkono ukiwa bado pajini, "hii si saluti, haya ni maumivu. Wewe unajua. Naomba unifelishe."

Bwana Mdoe aliifuta mizani yake. Kisha akaketi, akanyoosha tai. "Na unyenyekevu pia," alisema. "Hapo nakuongezea alama."

Shembilu akawa wa kwanza kitaifa. Kwa heshima hiyo Wizara ilimpunguzia hata adha ya kuchagua, ikamchagulia yenyewe.

* * *

Basi liliondoka asubuhi, bendi ikipiga. Wazazi waliofaulu walipangwa mstari wa mbele, kila mmoja akapewa cheti chenye fremu ya kioo akishike kwa mkono wa kushoto, na kukiangusha cheti cha taifa ni kosa la jinai. Bi Mashavu alisimama mbali, nyuma ya kamba ya waliofeli, akilia kwa niaba ya wote.

Chausiku alipata kiti cha dirishani. Alikuwa amevaa sare iliyomzidi, mikono imepotea ndani. Basi lilipounguruma, mkono wa Shembilu ukapanda pajini. Mtoto akauona. Akatoa kichwa nje mpaka mabega.

"Umeumia wapi, baba?"

Mkono wa kulia ulikuwa umegoma. Wa kushoto ulikuwa na cheti. Shembilu akafungua mdomo, na mdomo nao, uliofunzwa shule moja na mkono, ukajifunga.

"Baba! Umeumia wapi?"

Basi likakata kona. Baadaye alifikiria mambo mengi, lakini zaidi alifikiria hilo moja, kwamba angekiangusha tu. Wangemfunga, lakini angekuwa ameonyesha.

* * *

Sitawasimulia sana habari za nyumba ile. Mji wote ulikuwa hivyo, hakuna mtoto zaidi ya wasiofikisha miaka saba na wale wa Pale Pale nyuma ya ukuta. Wizara, ambayo haikosi huruma, ilifunga vipaza sauti kwenye milingoti, na kila jioni vilitoa kelele za watoto wakicheza, ili wananchi wasijisikie vibaya. Kelele zilikuwa zile zile kila siku. Watu walizijua kwa moyo. Kuna mtoto mmoja kwenye mkanda huo alikuwa anaanguka, analia, na mtu mzima anasema pole, na wazee mitaani walikuwa wakiacha kazi zao kusubiri hiyo pole.

Shembilu alirudi kutoka kazini kila siku akasema hodi kwa mazoea. Alipika wali wa watu wawili, kwa kuwa mkono ulishazoea kipimo hicho, na ule wa pili akampelekea Bi Mashavu, ambaye hakuwa na njaa lakini alipokea. Kisha alikaa kwenye kigoda mkabala na mlango wa jikoni. Alikuwa mpweke, na alijua kuwa ni mpweke, na hakuna aliyemwuliza ameumia wapi.

Mwaka ulipozunguka ikaja Siku ya Kuonana.

* * *

Alisafiri kwa basi, kwa treni, na kwa punda. Njiani alimpita mwalimu mkuu mteule akiuliza njia. Shembilu alibeba kashata za nazi, ambazo maofisa wa getini walizichukua kwa ajili ya usalama, na usalama wenyewe ulisikika ukitafunwa nyuma ya mlango.

Wazazi walipangwa nyuma ya kamba upande mmoja wa uwanja. Ilikatazwa kuita majina, ili watoto wasibaguane. Upande wa pili watoto waliingia kwa gwaride, vichwa vimenyolewa, wote kimo kimoja kwa mbali, na wazazi wakaanza kupepesa macho wakitafuta. "Wangu yule," alisema mama mmoja. "Au yule."

Shembilu hakuhitaji kutafuta. Kulikuwa na mmoja aliyekanyaga pembeni kidogo kwa mguu wa kushoto.

Chausiku akamwona. Akasimama wima. Kidevu kikapanda, mkono mdogo wa kulia ukapanda pajini, ukanyooka hivi, haukutikisika. Maofisa wakapiga makofi. "Tazameni binti huyo! Mwaka mmoja tu! Wa nani huyo?"

Hapo ndipo Shembilu alipolia. Hayakuja kidogo kidogo. Yalikuja ya mtoto wa miaka saba, ya kaburini, ya basi, yote yakijazana mlangoni. Akageuka na uso wake uliolowa, akamkimbilia Bwana Mdoe aliyekuwa jukwaani na pamba yake.

"Nimelia! Nipime! Nimelia, bwana, nimefeli, nipe mtoto wangu twende Pale Pale!"

Bwana Mdoe alikuwa mtu wa haki. Alipitisha pamba, akapima, akapima tena. "Hongera, Bwana Shembilu. Umefeli vibaya sana. Bi Mashavu mwenyewe haoni ndani." Akashusha sauti. "Lakini matokeo haya ni ya mtoto atakayefuata. Una mwingine?"

"Sina."

"Basi tutakuwekea."

Filimbi ikalia. Watoto wakageuka kushoto, mstari ukaanza kuondoka. Shembilu akarudi kwenye kamba, akainama juu yake mpaka ikamkata tumbo, na kwa sauti iliyovunja kanuni zote za uwanja ule akauliza:

"Umeumia wapi, mwanangu?"

Chausiku hakugeuza kichwa. Alitembea kama walivyomfundisha, saluti ikiwa juu. Ila mkono wa kushoto ukachomoka kwenye sare, kidole kimoja kikanyooka, na huku mwili ukienda mbele, kidole kikabaki kimeelekea nyuma, kwa baba yake.

Uwanja ulikuwa mpana na upepo ulikuwa wa mbisho, ukimvumia usoni. Bwana Shembilu akavuta pumzi yote aliyokuwa nayo, akapuliza.